Yogananda: Mtawa wa Kihindi aliyefunza yoga kwa njia ya posta

KWA karne nyingi nchini India, mafunzo ya yoga yalitoka kinywani mwa mwalimu na kuingia sikioni mwa mwanafunzi, wawili hao wakiwa wameketi ana kwa ana. Vitabu vilikuwepo, tena vya kale, lakini siri ya kutuliza pumzi na kuizuia akili isirukeruke haikuaminiwa karatasi. Aliyetaka kujifunza alilazimika kumtafuta guru, kumtumikia na kusubiri.

Mtu aliyethubutu kuitia elimu hiyo katika bahasha, akaibandika stempu na kuipeleka kwa wakulima, makarani na akina mama wa nyumbani kote Marekani, ni Paramahansa Yogananda. Mtawa huyo kutoka Bengal alifariki jijini Los Angeles mnamo Machi 7, 1952, akiwa na umri wa miaka 59.

Waliompenda humtaja kuwa ndiye aliyeleta taamuli hadi mlangoni mwa mtu wa kawaida. Waliomshuku walimwona kama mfanyabiashara aliyevalia joho la rangi ya chungwa. Maisha yake yalikuwa baina ya sifa hizo mbili, na swali alilolizua halijafa: je, inawezekana mtu ajifunze mambo ya rohoni kidogo kidogo, kwa kusoma, bila kumwona mwalimu wake hata mara moja?

Mtoto wa ofisa wa reli

Yogananda alizaliwa Januari 5, 1893, katika mji wa Gorakhpur, kaskazini mwa India, na kupewa jina Mukunda Lal Ghosh. Alikuwa mtoto wa nne miongoni mwa wanane. Babake, Bhagabati Charan Ghosh, alikuwa ofisa wa ngazi ya juu katika kampuni ya reli ya Bengal-Nagpur, na kwa sababu ya kazi hiyo familia ilihama kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Wazazi wake wote wawili walikuwa wafuasi wa Lahiri Mahasaya wa Benares, na hapa ndipo kisa hiki kinapoanzia hasa. Lahiri Mahasaya hakuwa mtawa wa pangoni. Alikuwa karani wa hesabu katika idara ya ujenzi ya jeshi la Waingereza, mwenye mke na watoto, aliyekwenda kazini asubuhi na kufunza yoga jioni sebuleni mwake. Mbinu aliyoifunza iliitwa kriya yoga, na aliwapa watu wa tabaka mbalimbali waliokuwa na majukumu ya kulea na kulipa kodi. Alifariki mwaka wa 1895, Mukunda akiwa na umri wa miaka miwili tu, lakini picha yake ilibaki ukutani nyumbani kwao na mtoto akakua akiitazama.

Pigo la kwanza lilimfika akiwa na umri wa miaka 11. Mamake alifariki ghafla jijini Calcutta wakati familia ilipokuwa ikiandaa harusi ya kakake mkubwa, Ananta. Mukunda alikuwa mbali, katika mji wa Bareilly, pamoja na babake. Hakuwahi kumuaga. Tangu siku hiyo hamu yake ya kumtafuta Mungu ilizidi kuwa kali, na mara kadhaa alijaribu kutoroka kwenda kuishi na watawa katika milima ya Himalaya. Ananta alikuwa akimfuata na kumrudisha nyumbani.

Baba mtu, aliyekuwa mpole lakini mwenye msimamo, hakumzuia mwanawe kutembelea watawa na mahekalu. Alimpatia hata tikiti za bure za gari-moshi. Hata hivyo alimtaka amalize shule kwanza.

Mikononi mwa mwalimu mkali

Mwaka wa 1910, akiwa na umri wa miaka 17, Mukunda alikutana na Sri Yukteswar katika kichochoro kimoja mjini Benares. Sri Yukteswar alikuwa mwanafunzi wa Lahiri Mahasaya, na makao yake yalikuwa Serampore, mji ulio kando ya mto Hooghly, karibu na Calcutta.

Mwalimu huyo hakuwa mtu wa maneno matamu. Aliwakemea wanafunzi wake hadharani, na wengi hawakustahimili, wakafunga virago. Mukunda alibaki. Alitamani kuachana na masomo ya chuo ili aingie katika utawa moja kwa moja, lakini Sri Yukteswar alimwamuru apate shahada. Alimweleza kwamba siku moja angekwenda nchi za Magharibi, na huko watu wangemsikiliza kwa urahisi zaidi akiwa msomi.

Kijana alitii shingo upande. Muda wake mwingi aliutumia katika makao ya mwalimu wake, na alipokaribia mtihani alimtegemea rafiki mmoja ampitishe haraka haraka katika yale aliyokosa darasani. Alifuzu kwa alama za chini, akapata shahada yake mwaka wa 1915. Mwaka huohuo aliapishwa kuwa mtawa wa madhehebu ya Swami na kupewa jina Yogananda, yaani raha ipatikanayo kwa yoga.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ualimu. Mwaka wa 1917 alianzisha shule ndogo ya wavulana saba katika kijiji cha Dihika huko Bengal. Mwaka uliofuata, Maharaja wa Kasimbazar alimpa majengo mjini Ranchi na shule ikahamia huko. Wanafunzi walisoma masomo ya kawaida, mara nyingi nje chini ya miti, lakini pia walifunzwa kutulia, kuzingatia jambo moja na kuutawala mwili.

Ni katika miaka hiyo ambapo Yogananda alibuni mfululizo wa mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli, sehemu moja ya mwili baada ya nyingine, ili kuuamsha mwili kabla ya kuketi kutafakari. Aliuita mfumo wake Yogoda. Mdogo wake Bishnu, aliyekuwa mmoja wa watoto waliofunzwa naye, baadaye alikuja kuwa mwalimu mashuhuri wa mazoezi ya viungo jijini Calcutta.

Safari ya Boston

Mnamo 1920, Yogananda alialikwa kuiwakilisha India katika kongamano la kimataifa la viongozi wa dini mjini Boston, Marekani. Babake, ambaye hapo awali hakufurahia wazo la kumpoteza mwanawe, alimpa hundi ya kitita kikubwa cha pesa kugharimia safari na kuanza maisha. Aliabiri meli iliyoitwa City of Sparta, akatia nanga Boston mwezi wa Septemba, na tarehe 6 Oktoba akatoa hotuba yake kuhusu sayansi ya dini.

Hakuwa Mhindi wa kwanza kuwahutubia Wamarekani. Swami Vivekananda alikuwa ametangulia mjini Chicago mwaka wa 1893, mwaka aliozaliwa Yogananda. Tofauti ni kwamba Vivekananda alirejea nyumbani baada ya miaka michache. Yogananda alikaa, na alikaa katika nchi ambayo haikumtaka.

Sheria ya uhamiaji ya mwaka wa 1917 ilikuwa imewafungia milango takriban Waasia wote waliotaka kuhamia Marekani. Mwaka wa 1923, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba Wahindi si watu weupe kwa maana ya sheria, na kwa hivyo hawangeweza kupewa uraia. Mtu mwenye nywele ndefu, kilemba na joho alitazamwa barabarani kama kioja cha sarakasi.

Kwa miaka minne alifunza Boston na miji jirani, wanafunzi wakiongezeka polepole. Mwaka wa 1924 alianza ziara ya kuivuka nchi kutoka pwani ya mashariki hadi magharibi. Januari 1925, jijini Los Angeles, ukumbi wa Philharmonic uliotosha maelfu ya watu ulifurika hadi wengine wakakosa pa kuketi. Mwaka huohuo alinunua jengo kuukuu lililokuwa hoteli juu ya kilima cha Mount Washington, akalifanya makao makuu ya shirika lake, Self-Realization Fellowship. Aidha alianzisha jarida lililoitwa East-West.

Januari 1927 alipokewa na Rais Calvin Coolidge katika Ikulu ya White House. Katika jiji hilohilo la Washington, ambako weusi na weupe hawakuruhusiwa kuketi pamoja, kulianzishwa pia kundi la Wamarekani weusi waliojifunza Yogoda.

Masomo ndani ya bahasha

Mafanikio hayo ya majukwaani yaliandamana na tatizo. Desturi ya Yogananda ilikuwa kuingia mjini, kutoa mihadhara ya bure kwa siku kadhaa, kisha kuendesha darasa la kulipia kwa wale waliotaka kuendelea. Baada ya hapo aliabiri gari-moshi kwenda mji mwingine. Nyuma yake aliacha mamia ya watu waliokuwa wamechangamka, waliojua kidogo, na ambao hawakuwa na wa kumuuliza.

Shauku ya usiku mmoja wa mhadhara haidumu. Baada ya majuma machache mtu husahau alivyoelekezwa kukaa, huchanganya hatua, kisha huacha kabisa. Yogananda aliliona hilo mapema. Kuanzia miaka ya 1920 alianza kutoa vijitabu na masomo ya kutumwa kwa posta.

Wazo lenyewe halikuwa geni Marekani. Enzi hizo watu walijifunza uhasibu, uchoraji na hata kujenga misuli kwa njia ya barua. Charles Atlas, aliyejulikana mno kwa kuuza mafunzo ya kutunisha misuli, alitumia posta iyo hiyo. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba Yogananda aliuelewa vyema ulimwengu huo na kuutumia. Lakini yeye aliujengea uzoefu wa taamuli ngazi, kipandio baada ya kipandio, na kwa kipindi kirefu.

Katika miaka ya 1930, masomo hayo yalipangwa upya kutokana na maandishi na mihadhara yake, yakaitwa Praecepta, na kutumwa kwa wanafunzi kila wiki. Mfululizo huo ulikuja kugawanywa katika hatua saba, kila hatua ikiwa na masomo 26, jumla masomo 182. Mwanafunzi aliyepokea somo moja kwa wiki alihitaji zaidi ya miaka mitatu kuyamaliza.

Huo mwendo wa kobe ulikusudiwa. Mwanafunzi hakupewa kitabu kizima asije akakisoma usiku mmoja na kudhani amejua. Alipewa kurasa chache, azisome, azirudie, azijaribu kwa siku kadhaa, ndipo bahasha nyingine ije. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Mafunzo yalianza na mambo mepesi ambayo hata mzee wa miaka 70 angeyamudu. Yogananda hakuwalazimisha Wamarekani kukunja miguu sakafuni kama Wahindi. Aliwaambia waketi kwenye kiti cha kawaida kisicho na mikono, uti wa mgongo ukiwa wima, nyayo zikiwa bapa sakafuni, viganja vikiwa juu ya mapaja, macho yakiwa yamefumbwa na kuelekezwa taratibu katikati ya nyusi. Yoga ya kujipinda na kujinyonga viungo, inayojulikana zaidi leo, haikuwa kiini cha mafunzo yake.

Kisha yalifuata mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli, yaliyochukua takriban robo saa. Lengo lake lilikuwa kuondoa ukakamavu na usingizi, kwa maana mwili uliochoka huifanya akili isinzie punde tu macho yanapofumbwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kuitazama pumzi. Mwanafunzi hakutakiwa kuivuta wala kuizuia, bali kuiacha iingie na itoke yenyewe huku akiiandama kimoyomoyo kwa neno moja wakati wa kuingia na jingine wakati wa kutoka, hong na sau. Zoezi hilo linaonekana jepesi, ilhali aliyewahi kulijaribu anajua kwamba kabla ya pumzi ya kumi fikira huwa zimekwisha kufika sokoni, kazini, au kwenye ugomvi wa jana. Kazi ya mwanafunzi ni kuzirudisha bila hasira, mara mia ikibidi.

Baada ya kulizoea hilo alifunzwa kusikiliza ukimya wa ndani, na ni baada ya miezi mingi ya maandalizi ndipo aliporuhusiwa kuomba kriya yoga yenyewe. Alitakiwa kuahidi kutoitangaza. Waliomudu kusafiri waliipokea katika ibada maalum, na wale wa mbali waliandikiwa.

Kuhusu muda, masharti yalikuwa ya kibinadamu. Anayeanza aliombwa akae dakika chache asubuhi kabla ya shughuli na chache usiku kabla ya kulala, kila siku, mahali palepale. Kidogo kisichokatizwa kilithaminiwa kuliko kingi cha siku moja. Muda uliongezwa kadiri mtu alivyozoea, na mara moja kwa wiki alishauriwa akae kwa kipindi kirefu zaidi. Aliyekwama aliandika barua kwa makao makuu na kujibiwa. Waliokuwa katika mji mmoja walihimizwa kukutana, kwa kuwa ari ya mtu wa peke yake huzimika upesi.

Walikuwepo waliouliza ikiwa mwalimu asiyemwona mwanafunzi wake anaweza kweli kumrekebisha. Swali hilo lilikuwa na uzito. Karatasi haioni mgongo uliopinda, wala haijui kama msomaji amefanya zoezi au amelala. Jibu la mfumo wa Yogananda lilikuwa kumfanya mwanafunzi awe msimamizi wake mwenyewe, apime kwa matokeo: je, ametulia zaidi kuliko mwezi uliopita? Je, hasira zake zimepungua? Kama sivyo, arudie somo.

Misukosuko

Umaarufu ulimletea maadui. Mapema mwaka wa 1928 mkuu wa polisi wa Miami, jimbo la Florida, alimpiga marufuku kuhutubia mjini humo baada ya waume kadhaa kulalamika kwamba wake zao walikuwa wamevutiwa mno na Mhindi huyo. Magazeti yaliichangamkia habari hiyo. Katika eneo la kusini mwa Marekani la wakati huo, mtu mwenye ngozi nyeusi kiasi kulaumiwa kwa sababu ya wanawake weupe halikuwa jambo la mzaha. Lingeweza kumgharimu uhai.

Kidonda kilichomwuma zaidi kilitoka nyumbani. Swami Dhirananda, rafiki yake tangu ujana, alikuwa amejiunga naye Marekani mwaka wa 1922 na kukabidhiwa usimamizi wa Mount Washington. Mwaka wa 1929 wawili hao walikosana na Dhirananda akaondoka akiwa na hati ya deni la dola 8,000 iliyotiwa sahihi na Yogananda. Mwaka wa 1935 suala hilo lilifika kortini na Dhirananda akashinda. Msaidizi mwingine kutoka Bengal alimshtaki mwishoni mwa mwongo huo, ingawa dai lake halikufua dafu.

Ajabu ni kwamba Dhirananda hakuachana kabisa na yoga. Alirejelea jina lake la kuzaliwa, Basu Kumar Bagchi, akawa mtaalamu wa kupima mawimbi ya ubongo katika Chuo Kikuu cha Michigan, na katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliokwenda India kupima miili ya wataalamu wa yoga kwa mitambo.

Wakati huohuo, mdororo wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929 ulikausha michango. Wakazi wa Mount Washington walilima mboga na nyanya kilimani ili wapate cha kula. Yumkini jengo hilo lingepigwa mnada lau asingetokea James Lynn, tajiri wa bima kutoka Kansas City aliyehudhuria darasa la Yogananda mwaka wa 1932.

Lynn alikuwa mtoto wa maskini wa Louisiana aliyejikweza kwa bidii hadi akawa na mali tele, huku neva zake zikiwa hoi. Katika taamuli alipata utulivu alioukosa katika fedha, na tangu hapo akawa nguzo ya shirika. Mwezi wa Novemba 1931 alikuwa amejiunga pia msichana wa miaka 17 kutoka Salt Lake City, Faye Wright, ambaye angekuja kujulikana kama Daya Mata.

Kurejea kwa muda

Mwaka wa 1935, baada ya miaka 15 ughaibuni, Yogananda alirudi India kupitia Ulaya. Alikuwa na hamu ya kumwona mwalimu wake kabla ya mauti kuwatenganisha. Mwezi wa Agosti alimtembelea Mahatma Gandhi huko Wardha, akamfunza kriya yoga pamoja na baadhi ya wafuasi wake.

Mwezi wa Desemba Sri Yukteswar alimpa cheo cha Paramahansa, ambacho ni cha heshima kuu miongoni mwa watawa wa Kihindu. Miezi michache baadaye, Machi 9, 1936, mzee huyo alifariki mjini Puri. Yogananda hakuwa kando yake saa hiyo. Kama ilivyokuwa kwa mamake, alifika akiwa amechelewa.

Alirejea Marekani mwishoni mwa mwaka huo na kukuta Lynn amemjengea nyumba ya mapumziko na taamuli huko Encinitas, juu ya jabali linalotazama bahari ya Pasifiki. Tangu wakati huo alipunguza mihadhara. Aliitumia sehemu kubwa ya miaka iliyombakia kuandika, jambo ambalo lafaa kuzingatiwa: mtu aliyejaza kumbi alitambua kwamba yatakayodumu ni yale aliyoyatia katika maandishi.

Hekalu alilolijenga Encinitas liliporomoka mwaka wa 1942 baada ya mawimbi kulimeng'enya jabali. Hakukata tamaa; mwaka huohuo alifungua jingine Hollywood.

Tawasifu iliyozunguka dunia

Mnamo 1946 kampuni moja ya New York ilichapisha tawasifu yake, Autobiography of a Yogi. Ni kitabu kilichosheheni visa vya watawa, miujiza na ucheshi, na kinachomtaka msomaji aamini mengi kwa wakati mmoja. Wapo waliokipuuza kwa sababu hiyo. Hata hivyo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 50. Mwanamuziki George Harrison wa kundi la Beatles alikienzi, naye Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, alikisoma tena na tena. Waliohudhuria ibada ya kumkumbuka mwaka wa 2011 walipewa nakala.

Kitabu hicho kinaeleza kwa nini mtu afanye taamuli, lakini kwa makusudi hakielezi namna ya kuifanya kriya. Wasomaji waliotaka zaidi walielekezwa kwa masomo ya posta, na hivyo tawasifu ikawa mlango wa yale masomo.

Sheria za Marekani nazo zililegea. Mwaka wa 1946 bunge liliwaruhusu Wahindi kuomba uraia, na mwaka wa 1949 Yogananda akawa raia wa nchi aliyoitumikia kwa takriban miaka 30. Agosti 1950 alifungua bustani ya Lake Shrine huko Pacific Palisades, mahali palipowekwa sehemu ya majivu ya Gandhi.

Jioni ya mwisho

Machi 7, 1952, alihudhuria dhifa katika hoteli ya Biltmore, Los Angeles, iliyoandaliwa kumkaribisha balozi wa India, Binay Ranjan Sen. Alisimama, akazungumza kwa ufupi kuhusu nchi yake ya kuzaliwa na ile iliyompokea, akakariri maneno ya shairi lake kuhusu India, kisha akaanguka. Moyo ulikuwa umesimama.

Alizikwa katika makaburi ya Forest Lawn, Glendale. Shirika lake lilieneza barua ya msimamizi wa mochari hiyo aliyesema kwamba mwili haukuonyesha dalili za kuoza kwa siku 20. Wafuasi waliichukua kama ishara ya utakatifu. Wengine wamekumbusha kwamba barua iyo hiyo ilieleza wazi kuwa mwili ulitiwa dawa ya kuuhifadhi.

Lynn alimrithi uongozini hadi alipofariki mwaka wa 1955, kisha Daya Mata akaongoza kwa miaka 55, hadi kifo chake Novemba 2010. Kati ya mwaka wa 1990 na 2002 shirika hilo lilivutana mahakamani na kundi jingine la wafuasi wa Yogananda kuhusu nani mwenye haki ya kuyachapisha maandishi yake, na baadhi ya maandishi hayo yakaamuliwa kuwa ya umma. India ilimtolea stempu mwaka wa 1977 na nyingine mwaka wa 2017. Kwa mtu aliyetegemea posta kuieneza kazi yake, ni vigumu kufikiria heshima iliyomfaa zaidi.

Masomo yenyewe yalihaririwa upya na kutolewa mwaka wa 2019, yakianza na mfululizo wa msingi wa masomo 18. Simu na kompyuta sasa humwezesha mtu yeyote kusikiliza mafundisho ya yoga papo hapo, kwa wingi usiohesabika. Mafundisho hayo humfikia kwa mkupuo, na mengi huachwa kabla ya juma kwisha. Yogananda alimtaka mwanafunzi wake jambo moja ambalo hakuna mtambo unaoweza kumfanyia: kurudi kwenye kiti kilekile asubuhi iliyofuata, kabla ya somo jingine kuwasili.